Mwendo wa Mzee Pima Maji

Mzee Pima Maji alikuwa fundi viatu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa kimo cha kiberiti kilichosimamishwa. Jina hilo alipewa na watu wa mtaa, kwa kumlinganisha na kile kifaa cha mwashi chenye tone la hewa linalokwenda huku na huku mpaka litulie katikati. Yeye hakuwahi kutulia katikati. Alijishonea viatu vyenye soli nene upande mmoja, lakini alivivaa msibani na kwenye ofisi za serikali tu. Siku nyingine alitembea na ndala, akisema kwamba soli nene humfanya aonekane kama mzima aliyelewa, na afadhali kilema mwenye akili timamu.

Mke wake alikuwa na ulimi wa wembe. Wakiwa njiani alitangulia, akamngoja kwenye kona akiwa ameshika kiuno, na mzee alipofika alimwambia kuwa konokono wamempita na wameacha salamu. Nyumbani, alipotaka kuwachekesha wageni, alichukua birika na kutembea nalo kutoka jikoni hadi mezani kwa mwendo wa mumewe. Mguu mrefu unakanyaga, bega linapanda, kisha kabla mguu mfupi haujatua kunakuwa na kituo kidogo, kama mtu anayejiuliza iwapo kweli anataka kufika huko anakokwenda. Halafu anatua. Wageni walicheka mpaka chai ikawapalia. Mzee naye alicheka, au alionekana kucheka. Hakuna aliyemwuliza.

Binti yao wa pekee, ambaye habari hii ni yake, alijifunza mambo mawili katika nyumba ile: kwamba kitu kikitazamwa kwa muda mrefu hujulikana mpaka ndani, na kwamba kicheko hakiombi ruhusa. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi ya kutengeneza injini za gemu, na kazini wakamwita Injini, basi. Injini ya gemu haina moshi wala mafuta. Ni ule mtambo wa maandishi, usioonekana na mchezaji, unaoamua kitu kikidondoka kidondoke vipi, mlango ukisukumwa uzunguke kwa uzito gani, na kivuli cha mtu kirefuke kiasi gani akisogea mbali na taa. Wachoraji huchora mtu. Injini ndiyo humpa mtu huyo mwili.

Mtaani kwao jambo hilo halikueleweka. Mjomba wake aliwahi kusukuma gari lake bovu hadi mlangoni pao, yeye na rafiki zake wawili, wote wameloa jasho, kwa sababu alisikia mpwa wake ni fundi wa injini. Mama akawatokea na kuwaambia walirudishe walikolitoa.

"Huyu anatengeneza injini za vitu ambavyo havipo," alisema. "Gari hilo likishakufa kabisa, mleteeni."

Kampuni ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake zilinuka rangi na saruji. Mwenye kampuni, ambaye wote walimwita Bosi, alisoma darasa moja na Injini na alikuwa na kipaji cha kuahidi. Aliweza kumwahidi mtu kitu cha mtu huyohuyo, na mtu akamshukuru. Gemu yao ya kwanza iliitwa Mbeba Taa. Mzee mmoja anatembea katika mji uliochimbwa chini ya ardhi, ameshika taa, anawasha nyumba moja baada ya nyingine. Hakuna bunduki wala mbio. Injini alitaka mzee huyo atembee kama baba yake.

Alimfunga baba vitambaa vyeupe magotini, vifundoni, kiunoni na mabegani, akasimamisha kamera mbili uani, akamwomba atembee kutoka ukutani hadi kwenye tangi la maji na kurudi.

"Mguu huu nimeuburuza miaka yote bure," mzee alisema, akikagua vitambaa vyake. "Leo ndiyo umeajiriwa."

Alifurahi sana asubuhi ile. Lakini jua lilipanda, na kile kituo kidogo bado hakikuonekana sawasawa kwenye kamera, kwa kuwa mzee alijua anatazamwa na alijitahidi kutembea vizuri. Binti akamwambia arudie. Akamwambia arudie tena. Aligundua kwamba mzee akichoka atasahau kujitahidi, basi akamchosha makusudi. Jioni alikuwa amepata alichokitaka, na mguu wa mzee ulikuwa umevimba hadi pajani. Mama aliukanda kwa maji ya moto wiki nzima, huku akiuambia ukuta kwamba kuna watu huzaa watoto, na kuna watu huzaa wenye punda.

Mzee alikufa kwa ugonjwa wa moyo kabla gemu haijatoka. Mguu haukuhusika. Mama mwenyewe alisema hivyo, lakini alisema kama hakimu anayemwachia mshtakiwa kwa kukosa ushahidi.

Gemu ilipendwa. Watu waliandika kutoka nchi za mbali kwamba taa ile, ikiyumba kwa mwendo wa mzee, huufanya mji mzima uyumbe ukutani, na kwamba kile kituo kabla ya mguu kutua huwafanya washike pumzi bila kujua. Injini alizisoma barua zote. Ndani ya sifa hizo mlikuwa na kosa, na yeye alilijua tangu mwanzo. Bosi alikuwa ameahidi tarehe, tarehe ikawa karibu, na Injini akashika njia ya mkato: badala ya kuufanya mji wa gemu ufuate saa, aliufanya uhesabu picha. Gemu, kama sinema, ni picha nyingi zinazopita haraka. Mashine ya kuchezea gemu ya wakati ule ilichora picha thelathini kwa sekunde, basi akaiagiza injini kwamba kila picha ikipita mguu usogee kidogo, taa iyumbe kidogo, tone la maji lishuke kidogo. Kwenye mashine ile hapakuwa na tofauti yoyote. Ni kosa la watu wa kazi hii peke yao. Seremala, hata awe mbovu vipi, hawezi kutengeneza kiti kitakachoanza kukimbia siku kitakapohamishiwa nyumba mpya.

Kampuni ilikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa alasiri kazi za wiki zilichezwa ukutani mbele ya wote, na kosa lililochekesha kuliko mengine lilitunukiwa kengele, kengele ya mbuzi ya kweli, iliyofungwa nyuma ya kiti cha mwenye kosa hadi Ijumaa iliyofuata. Viti vilikuwa vya magurudumu. Ukigeuka, inalia. Ukiinuka kwenda kunywa maji, inalia. Sharti lilikuwa moja: lazima wote wacheke. Aliyeibuni desturi hiyo ni Injini.

Mchoraji mmoja mpole alipoleta mtaa ambao vivuli vyake vilielekea kwenye taa badala ya kuikimbia, Injini alimwita Kivuli mbele ya watu wote na kumfungia kengele. Wiki iliyofuata akamtafutia kosa jingine, na iliyofuata vilevile. Jina likamganda. Hata mke wake alipopiga simu ofisini aliomba kuongea na Kivuli. Mchoraji huyo alicheka pamoja na wote. Alikuwa na meno mazuri.

Mashine za gemu huja kwa vizazi kama watu, ila kizazi kipya kikifika, cha zamani hakipewi hata kigoda cha kukalia. Viwanda huacha kuzitengeneza, maduka huzishusha rafu za chini, na gemu zake hufa nazo isipokuwa zihamishwe. Habari ya mashine mpya ilipotoka, watengenezaji wake walimtaka Bosi alete Mbeba Taa, sehemu ya pili, siku ileile mashine itakapoanza kuuzwa. Bosi alikubali kabla hawajamaliza kusema.

Injini alimweleza ukweli. Mashine mpya ilichora picha sitini kwa sekunde. Injini ya zamani ikiwekwa mle ndani, mji mzima utakwenda mbio maradufu. Ilibidi ifumuliwe uzi kwa uzi, na kila kitu kifundishwe upya kufuata saa. Palikuwa pia na tatizo gumu zaidi, ambalo hakulieleza. Mwendo wa baba yake ulikuwa umehifadhiwa picha kwa picha, kwa kasi ya zamani. Ili mzee atembee taratibu kwenye mashine mpya, kati ya kila picha mbili ilihitajika ya tatu, na picha hiyo haikuwepo popote. Kompyuta iliweza kuikadiria. Alijaribu. Kompyuta ilikiona kile kituo kidogo, ikadhani ni kunjo la kitambaa, ikakipiga pasi. Mzee akatoka akitembea kama mtu yeyote anayekwenda kununua gazeti.

"Nipe miaka mitatu," alimwambia Bosi.

"Dada yangu, gemu nzima tuliitoa kwa miwili."

"Gemu, ndiyo. Gemu ni kupita. Injini ni barabara, na hukuwepo nilipokuwa naichimba."

Bosi alimtazama kwa upendo kabisa, akasema sawa, miaka mitatu, afanye kazi yake na asisumbuliwe na mtu. Injini alishuka ngazi akiwa mwepesi. Mashine mpya ingeanza kuuzwa kabla ya miaka miwili kutimia, na hesabu hiyo mtoto wa chekechea angeifanya. Lakini aliyepewa anachokitaka hapigi hesabu.

Alichokitaka kilikuwa kimoja: baba yake avuke kwenda kwenye mashine mpya akiwa anatembea vile alivyotembea. Mengine yote ya sehemu ya pili, hadithi yake, mji wake, bei yake, aliwaachia wenye kuyataka. Akaanza kuzitafuta picha zilizokosekana, moja moja, kwa mkono. Ushahidi wake ulikuwa kumbukumbu tu, na yeye alikumbuka kama mtoto, kwa kuwa utoto wake wote alimfuata baba kwa nyuma. Aliyemtazama kwa mbele, kutoka kwenye kila kona, alikuwa Mama.

Alikwenda kwake Jumamosi moja akamwuliza bega lilipanda kabla au baada ya kisigino kuinuka. Mama aliinuka. Alichukua birika, akatoka nalo jikoni. Magoti yake yalikuwa yamechakaa na kiuno kimekaza, lakini bega lilipanda, na kabla mguu haujatua kituo kikaja, kizima, na birika likayumba kama taa. Dhihaka ya ndoa nzima ilikuwa imetunza kila kitu. Injini alichomoa simu na kuielekeza kwake.

Mama alisimama palepale, mguu hewani.

"Zima."

"Mara moja tu, Mama."

"Hata baba yako ulimwambia mara moja tu." Akashusha mguu, akaweka birika mezani. "Yule umeshammaliza. Sasa umekuja kunipima mimi?"

Hakutembea tena hivyo mbele yake. Injini akarudi kazini na kile alichokiona kutoka jikoni hadi mezani, akakifanyia kazi mwaka mzima na zaidi. Mwishoni mzee wake aliweza kuvuka chumba kimoja. Chumba kimoja tu, kutoka mlangoni hadi dirishani, lakini alikivuka sawasawa, taa ikiyumba, na kwenye kila hatua mguu mfupi ulijiuliza.

Juu ya ofisi palikuwa na ghala la mwenye duka, na Bosi alikuwa amelikodi. Wafanyakazi walianza kuhamia huko, mmoja mmoja, kwa sababu zilizosikika za kweli: meza hazitoshi, feni za huku zina kelele, yule wa muziki anataka utulivu. Ijumaa nazo zikahamia juu, na Injini akaambiwa Bosi ameagiza asisumbuliwe. Mwisho alibaki peke yake katika ukumbi mzima, akidhani ile ni heshima. Kivuli tu ndiye aliyeshuka mara kwa mara, akiazima hiki na kile, akisimama nyuma ya kiti chake kutazama mzee akivuka chumba. Alisifu. Aliuliza injini ya zamani inahifadhiwa wapi, ili wasije wakaifuta kwa bahati mbaya, na Injini akamwonyesha.

Ukweli ni kwamba Bosi alinunua injini iliyokwisha kutengenezwa, kutoka kampuni ya ng'ambo, wiki ileile aliyompa miaka mitatu. Sehemu ya pili ilijengwa ghalani juu ya kichwa chake, naye akisikia nyayo. Bosi hakumfukuza, kwa sababu watengenezaji wa mashine walipotuma wakaguzi walipenda kuona kampuni yenye injini yake na fundi wake, na kwa sababu ile ya kununua ingeweza kukataa dakika za mwisho. Injini alikuwa tairi la akiba, na tairi la akiba haliambiwi safari ni ya wapi.

Aligundua hayo siku ya uzinduzi, wiki chache kabla ya mashine mpya kuanza kuuzwa. Bosi alikuwa amemwomba aje na mama yake na akawatengea viti vya mbele, na akamwomba pia kile chumba kimoja, ili, kama alivyosema, watu wakione. Injini alimnunulia Mama viatu. Mama alivaa gauni lake la kijani, akalalamika kwamba viti vya ukumbi vimetengenezwa na mtu asiye na makalio, kisha akatulia na kukunja mikono, akingoja kumwona mume wake.

Bosi alipanda jukwaani. Alishukuru wote, akawaambia kwamba kabla ya kuona tunakokwenda ni vizuri tuone tulikotoka. Hii ni injini yetu ya zamani, alisema, ndani ya mashine mpya.

Ukutani, mkubwa kama nyumba, mzee akatoka mbio.

Alitoka kama aliyefumaniwa. Bega lilipanda na kushuka kama sindano ya cherehani, mguu mfupi ukipiga hewa, ukitua, ukipiga hewa, taa ikizunguka mkononi kama kombeo. Mji mzima ulitetemeka kwa vivuli. Alifika mlangoni, mlango ukafunguka kwa kofi ukampiga, akarudi nyuma, akaja tena, ukampiga tena. Ukumbi ulilipuka. Walioanza kucheka, na waliocheka kwa sauti kuliko wote, ni wafanyakazi wa kampuni waliosimama ukutani na fulana zao mpya, kwa maana walikuwa wamefunzwa Ijumaa baada ya Ijumaa kwamba asiyecheka ana lake. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na hawakuhitaji kumalizia.

Kisha mzee akafutika, muziki ukabadilika, na akatokea kijana mrefu mwenye miguu miwili iliyo sawa, akiruka mapaa ya mji uleule kwa madaha. Watu wakapiga makofi. Kile chumba kimoja hakikuonyeshwa.

Injini aligeuka kumtazama mama yake. Mama alikuwa anacheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika, machozi yanatiririka hadi kwenye kola ya gauni la kijani.

Kivuli alitoka ukutani, akainama nyuma ya kiti, karibu kabisa na sikio la Injini.

"Kipande nilikichagua mimi, dada," alisema kwa upole. "Lakini vivuli vimeelekea sawa, au siyo?"

Waliondoka kwa miguu kabla ya vinywaji. Injini alitangulia bila kukusudia, na alipofika kwenye kona akagundua kwamba anangoja. Mama alikuwa anakuja polepole, viatu vipya vikimbana.

"Umecheka," Injini alimwambia.

"Nimecheka." Mama aliegemea ukuta, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta kama chenye mawe. "Miaka yote nimemngoja yule mtu kwenye kona, nikimtukana. Leo ndiyo nimemwona akiwahi."

"Ulimtambua, kwa mbio zile?"

"Nisimtambue vipi? Si alisimama kabla ya kukanyaga, kama kawaida yake."

Injini alilifikiri neno hilo njia nzima, na alipofika nyumbani alijua kwamba Mama alisema kweli. Katika mbio zile hapakuwa na picha iliyokadiriwa na kompyuta wala iliyobuniwa na kumbukumbu. Zilikuwa picha zilezile za uani, zote, kwa mpangilio wake, ila zilipita haraka. Baba yake alikuwa amevuka mzima. Kilichobaki nyuma ni heshima yake.

Jumatatu Bosi alimwita. Hakuwa na aibu, wala hakuwa mbaya. Alimsukumia kiti akamwagiza chai. Alieleza kwamba ile injini ya kununua ilikuwa lazima, na kwamba yeye kama fundi analijua hilo kuliko mtu yeyote. Kisha akamwonyesha simu yake. Kipande cha mzee akikimbia kilikuwa kimesambaa kila mahali, watu wakikitumiana na kukiongezea maneno na muziki. Kijana mwenye miguu sawa hakuna aliyemtaja.

Bosi alitaka kuwa mwungwana. Mzee angeingia katika sehemu ya pili, na Injini angechagua mwenyewe aingie vipi. Anaweza kuwekwa mwanzoni kabisa, akitembea taratibu na taa yake, na jina la baba liandikwe chini yake. Injini ya kununua ingejaza picha za katikati yenyewe. Au awe mzaha uliofichwa, mchezaji akibonyeza vitufe fulani mzee apite mbio, agongwe na mlango, apotee. Kwa mbio hakuna cha kujaza.

"Na chumba changu?"

"Dada, ni chumba kimoja. Gemu ina vyumba mia nne."

Aliomba kuona kwanza huyo wa taratibu, na Kivuli akaitwa kumwonyesha. Mzee alipita ukutani kwa hadhi, taa imetulia, amenyooka, uso wake umechorwa vizuri kuliko mara ya kwanza. Jina la baba lilikuwa tayari limeandikwa chini, jina lake la kweli, ambalo mtaani hakuna aliyelitumia. Hata Kivuli alionekana kuridhika. Labda alikwisha kuchoka kulipiza.

"Weka ya mbio," Injini alisema.

Bosi alishusha kikombe. "Una hakika? Watamcheka baba yako dunia nzima."

"Huyu mwingine simjui."

Ijumaa iliyofuata alipanda ghalani kwa mara ya kwanza. Mzaha ulichezwa ukutani, na hapakuwa na kosa lililochekesha kuuzidi, basi kwa mujibu wa desturi kengele ilikuwa yake. Kivuli aliifunga kwa uangalifu nyuma ya kiti, akaijaribu kwa kidole. Injini alicheka na wenzake, kama ilivyopasa.

Wakati wa chai, mtu wa mauzo, mnene wa makamo aliyeajiriwa juzi na ambaye alidhani mzee yule ametungwa na wachoraji, alichukua kikombe chake na kuwachekesha wenzake kwa kukimbia kutoka mezani hadi dirishani, bega juu, bega chini. Chai ilimwagika. Alikuwa hodari. Lakini kituo alikiweka mahali pasipo pake: alitua kwanza, ndipo akasimama.

Kengele ililia. Injini alikuwa amegeuza kiti.

"Sivyo," alimwambia. "Mguu ukiwa bado hewani. Hapo ndipo anajiuliza."

Mtu wa mauzo alijaribu, akicheka. Injini akamwambia arudie. Alirudia. Akamwambia arudie tena, polepole, na aache kutazama watu. Alikwenda dirishani na kurudi, akaenda na kurudi, shati likimganda mgongoni, tabasamu likimtoka usoni kidogo kidogo, na wenzake wakaanza kutazama vikombe vyao. Alipomwomba msamaha kwamba goti linamuuma, Injini alimwambia mara moja tu. Basi akavuka tena chumba, amechoka, hachekeshi, hamkumbuki mtu yeyote, na kabla mguu wake haujatua kile kituo kikaja, kizima.

Hakuna aliyecheka. Injini alitazama nyuso zao, mmoja mmoja, hadi kwa Kivuli.

"Chekeni," alisema.